Andreas Stihl: Mzee aliyeipeleka injini msituni, na kivuli alichoacha

Kuna jina ambalo umeliona mara mia bila kuuliza ni la nani. Liko ubavuni mwa ule msumeno wa rangi ya machungwa unaokata mti ulioangukia barabara usiku wa mvua. Liko kwa wapasuaji mbao kule Elburgon. Liko hata kwenye kofia za majamaa ambao hawajawahi kushika msumeno maishani. Stihl. Kwa miaka mingi nilidhani ni neno la Kijerumani la chuma. Kumbe ni jina la mtu.

Nililijua hilo mwaka nilioacha chuo. Nilikuwa nimerudi kwa mjomba wangu mashambani, sina kazi, sina mpango, nina simu na madeni tu. Siku moja mjomba akaniburutia gunia kutoka kona ya stoo. Ndani mlikuwa na msumeno wa mnyororo, ule wazee wanaouita pawasoo, mzito kama mfuko wa simiti uliobaki nusu, umejaa grisi nyeusi na vumbi la mbao. Akaniambia kwamba nikiufufua ni wangu, nikishindwa niuze kwa wa vyuma vikuukuu. Ulikuwa Stihl 070. Ndiyo nikaanza kuuliza huyu mzee mwenye jina alikuwa nani, na hadithi niliyoipata si ile ya kubandika ukutani ukaitazama ukilala. Ina sehemu tamu na ina sehemu chungu. Nitakupa zote.

Andreas Stihl alizaliwa Zürich, Uswisi, mwezi wa Novemba 1896. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na akiwa bado mdogo alipelekwa Ujerumani kusoma. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaka alikwenda jeshini kama vijana wengi wa rika lake. Alipotoka alisomea uhandisi wa mitambo, kisha akaingia kwenye dunia ya viwanda vya kupasua mbao.

Hapo ndipo alipoona kile ambacho wengine walikiona kila siku na wakapita. Wakati ule, mti mkubwa uliangushwa kwa shoka na msumeno wa mkono, watu wawili wakivutana huku na huku mpaka jasho liishe. Kisha gogo zima likaburutwa kwa farasi hadi kwenye mashine kiwandani. Stihl akageuza swali. Kwa nini mti ndio uifuate mashine? Kwa nini mashine isiufuate mti?

Mwaka wa 1926, akiwa na umri wa miaka 29, alifungua kampuni yake mjini Stuttgart. Usifikirie kiwanda cha moshi na ving'ora. Biashara ilianza kidogo, na pesa za kula zilitoka kwa vifaa vya matanuri ya kuchemshia maji ya mvuke, pia mashine za kufulia. Msumeno wake wa kwanza, wa mwaka huohuo, ulitumia umeme na ulikuwa na uzito wa kilo 48. Ulishikwa na watu wawili, mmoja kila upande. Sasa jiulize, msituni umeme unautoa wapi? Ndiyo shida hiyo. Mwaka wa 1929 akatoa wa petroli. Kilo 46, nguvu za farasi 6, bado wa watu wawili, lakini huu uliweza kwenda popote ambapo miguu inafika.

Tuwe wakweli hapa, kwa sababu mtandaoni utaona watu wakisema yeye ndiye aliyevumbua msumeno wa mnyororo. Hapana. Mjerumani mwenzake, Emil Lerp, alikuwa ameujaribu msumeno wake wa petroli mwaka wa 1927 kwenye mlima unaoitwa Dolmar, ndiyo maana kampuni yake ikaitwa Dolmar. Walikuwa washindani. Kilichomtofautisha Stihl si kuwa wa kwanza, ni kutochoka. Kila miaka michache alirudi na mashine nyepesi kidogo, salama kidogo, rahisi kidogo. Kufikia 1931, wakati uchumi wa dunia ulikuwa umelala chini, tayari alikuwa anauza Marekani na Muungano wa Kisovieti.

Sasa sehemu chungu. Mwaka wa 1933, mwaka Hitler alipotwaa madaraka, Andreas Stihl alijiunga na chama cha Nazi. Mwaka wa 1935 akaingia SS. Si uvumi wa mtandaoni, ni mambo yaliyo kwenye kumbukumbu. Vita vya Pili vilipokuja, msumeno ukawa chombo cha jeshi, maana jeshi linahitaji mbao za madaraja, mahandaki na barabara. Ule wa watu wawili uitwao KS 43 ni wa kipindi hicho. Leo ukiupata mzima, wakusanyaji wa Ulaya watakuzunguka kama kuku wamemwagiwa mahindi. Lakini ukiushika, unashika pia miaka ile.

Mabomu yalipoiangukia Stuttgart, kazi ilihamishiwa upande wa Waiblingen, ambako kampuni ina makao yake hadi leo. Vita vilipoisha, washindi walimweka mzee kizuizini, na hakurudi rasmi kazini mpaka 1948. Ng'ambo ya bahari, wenzake hawakuwa wamemsubiri. Vita vilipofunga njia za bidhaa kutoka Ujerumani, Wakanada walianza kujitengenezea misumeno yao pale Vancouver, na Mmarekani Robert McCulloch akatoa mashine yake nyepesi mwaka wa 1949. Stihl alirudi akakuta darasa limejaa na kiti chake kimekaliwa.

Alianza upya. Kampuni ilitengeneza hata matrekta ili mkono uende kinywani. Mwaka wa 1950 ikatoa msumeno ulioitwa BL, wa petroli, wa mtu mmoja, kilo 16. Piga hesabu hapo. Kutoka kilo 48 na watu wawili hadi kilo 16 na mtu mmoja, ni miaka 24 ya kupunguza gramu baada ya gramu. Mwaka wa 1954 ikaja BLK, kilo 11, na mkulima wa kawaida akaweza kumiliki mmoja.

Kisha mwaka wa 1959 ikaja Contra, na hiyo ndiyo iliyobadilisha mchezo. Misumeno mingi ya zamani ilikuwa na gia kati ya injini na mnyororo. Contra haikuwa nazo, injini ilizungusha mnyororo moja kwa moja kupitia klachi, kwa kasi kubwa. Kabureta yake pia haikuwa ya boya. Kabureta ya boya hupenda kukaa wima kama kikombe cha chai, ukiilaza inamwaga au inakosa mafuta. Ya Contra ilitumia ngozi nyembamba ya kusukuma mafuta, kwa hiyo ungeweza kuulaza msumeno ubavu, ukate mti karibu na ardhi, na injini isizime. Nguvu za farasi 6 kwa kilo 12. Linganisha na ule wa 1929, nguvu zilezile kwa kilo 46.

Ile 070 ya mjomba ni ya ukoo huohuo wa Contra. Ukoo huu ulifika mbali sana, hadi kwenye misitu ya Afrika na Asia, ambako fundi mmoja na kamba yenye rangi anapasua gogo kuwa mbao palepale lilipoangukia. Bila kiwanda, bila lori. Wazo la Stihl la 1926 limetimia kwa namna ambayo sidhani alipokuwa Stuttgart aliiota.

Mzee alifariki Januari 1973, akiwa na miaka 76. Miaka miwili kabla ya hapo, misumeno yenye jina lake ilikuwa inauzwa kuliko mingine yote duniani. Mwanawe, Hans Peter, akashika usukani.

Turudi kwa gunia langu. Nilipeleka injini kwa fundi wa pikipiki mtaani, na kosa la kwanza tulilolipata lilikuwa la kwetu wenyewe. Ulikuwa umehifadhiwa na petroli ndani. Petroli ikikaa miaka inageuka gundi ya kahawia, inaziba vijitundu vya kabureta, na ile ngozi nyembamba inakauka kama karatasi. Tuliosha, tukabadilisha ngozi na gasketi, tukasafisha plagi, tukatoa vumbi la mbao lililokuwa limeziba mapezi ya kupozea silinda. Vuta kamba, kimya. Vuta, kimya. Siku ya tatu ikakohoa, na mbwa wa jirani wote wakahama.

Kwa hiyo ukiokota mashine ya zamani, sikia haya kutoka kwa mtu aliyechafuka. Kabla ya kuiweka, mwaga petroli yote, kisha iache injini iungurume mpaka ijizime yenyewe. Toa plagi, dondosha oili kidogo ndani ya silinda, vuta kamba polepole mara mbili tatu, rudisha plagi. Mnyororo uloweke kwenye oili. Usiuweke juu ya sakafu ya udongo wala kuufunga kwenye karatasi ya plastiki, unyevu ukinaswa humo unakula ule mwili wa magnesi hadi unachubuka kama mkate mkavu. Weka juu ya rafu, pakavu, ufunikwe kwa kitambaa. Ukiutumia, changanya oili kwa petroli kama kitabu chake kinavyosema. Mingi ya zamani hutaka lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli. Na usiupake rangi mpya kwa haraka. Mkusanyaji anataka kuona mikwaruzo ya kazi, si harusi.

Muhimu zaidi, kumbuka misumeno hii ilizaliwa kabla ya breki ya mnyororo kuwa ya kawaida. Ikirukia uso, hakuna kitu cha kuisimamisha. Mimi yangu huwa naiwasha, naisikiliza dakika mbili, nazima. Basi.

Mjomba naye haikati tena. Serikali iliposimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma mnamo Februari 2018, kazi yake iliisha kwa siku moja. Alikasirika, kisha akanyamaza, kisha akaanza kuuza miche. Mikono yake asubuhi ya baridi huwa meupe kwenye vidole na haisikii kifungo cha shati. Ni miaka ishirini ya mitetemo, ya misumeno ya kila jina. Vishikio vya kupunguza mitetemo vilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960, lakini mashine anazopata mtu wa kibarua ni zile zilizotumiwa na watatu kabla yake.

Nimemuuliza mara moja kama anamchukia huyo mzee wa Kijerumani kwa habari ya SS. Alifikiri kwa muda, akasema kwamba yeye alilisha watoto watano kwa mashine ile, na kwamba msitu aliocheza akiwa mdogo haupo, na kwamba yote mawili ni kweli. Sikupata jibu lingine.

Mimi sijui kumsifu mtu nusu. Lakini nimejifunza kuandika jina lake lote, na miaka yake yote, pamoja na 1933 na 1935. Msumeno uko kwenye rafu, mkavu, hauna petroli. Chini yake mjomba ameweka trei za miche ya misipresi, kwa sababu eti pale ndipo panapopata jua la asubuhi.