Pasteur, Kimeta na Deni la Ukweli

Kila nifundishapo somo la chanjo hapa Kitui, huanza na kimeta. Wanafunzi wangu ni watoto wa wafugaji. Wao, kama mimi niliyekulia Makueni, wameonywa wasile mbuzi aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikimtoka puani. Kisha huwasimulia habari za Louis Pasteur.

Mfaransa huyu, mwana wa fundi wa ngozi, alizaliwa mwaka wa 1822. Mnamo Mei 5, 1881, kijijini Pouilly-le-Fort, alianza kuwachanja kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe 6. Mwisho wa mwezi, hao pamoja na wenzao wasiochanjwa walidungwa vijidudu vikali vya kimeta. Ilipofika Juni 2, waliochanjwa walikuwa wazima. Kondoo wasiochanjwa, karibu wote walikuwa mizoga. Ulimwengu ukashangilia.

Hata hivyo, Pasteur aliuacha umma uamini kwamba alividhoofisha vijidudu hivyo kwa hewa. Kumbe alitumia kemikali, njia iliyokaribiana na ya Henri Toussaint, daktari wa mifugo aliyemtangulia mwaka wa 1880. Pasteur alifariki mwaka wa 1895 akiwa shujaa. Madaftari yake ya maabara yalithibitisha jambo hilo miaka mingi baadaye.

Je, tumvue heshima? La hasha! Chanjo hiyo iliokoa mifugo wengi. Lakini mwanafunzi anayesimuliwa ushindi pekee hajifunzi sayansi, bali hujifunza kuabudu watu. Walimu wenzangu, tumfundishe Pasteur, na Toussaint tusimsahau.