ERNST HAECKEL: MCHORAJI WA VIUMBE WASIOONEKANA KWA MACHO

Kila mwaka jarida hili la Chama cha Kiswahili huwa na ukurasa wa maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Tumesoma habari za wapigania uhuru, waandishi na hata wazee wa zamani wa huku kwetu Embu na Meru. Mwaka huu zamu ni yangu, nami nimemchagua mtu wa mbali: Ernst Haeckel, Mjerumani aliyetumia maisha yake kuchora viumbe wa baharini wadogo mno hata macho matupu hayawezi kuwaona. Nakiri mapema kwamba katikati ya kazi hii nusura niitupe kalamu. Sababu yake utaiona huko mbele, usiwe na haraka.

Kwanza nieleze nilivyomjua. Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa bayolojia alituagiza kila mmoja alete maji ya kidimbwi. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo asubuhi nikija shuleni niliteremka hadi mto Rupingazi, nikachota maji yaliyotuama kando ya mawe, nikayatia kwenye chupa ya soda. Wenzangu walinicheka, ati nimebeba uji. Tuna hadubini mbili tu, na sisi tu wanafunzi arobaini na kitu, hivyo zamu yangu ilifika kengele ikikaribia kulia. Nikainama, nikafumba jicho moja. Loo! Ndani ya tone moja la maji yale mlikuwa na vitu kama mitumbwi ya kioo, vimetiwa mistari iliyonyooka kuliko ya rula yangu. Nilidhani ni uchafu wa lenzi. Kumbe ni diatomu, viumbe wenye seli moja ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, na hujijengea ganda la madini yale yale yatumiwayo kutengeneza kioo.

Nikawachora. Mwalimu alinipa alama tisa kwa kumi, na siku ya pili akaniletea kitabu chake mwenyewe chenye picha za Haeckel. Nilibaki mdomo wazi. Nyumbani, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Baba alipoukuta mchoro wangu nyuma ya daftari la hesabu, alisema picha hazijazi sufuria, afadhali nisome niwe daktari. Basi nilipoanza kusoma maisha ya Haeckel, nikaona kama ninasoma habari zangu.

Haeckel alizaliwa tarehe 16 Februari 1834 katika mji wa Potsdam. Tangu utotoni alipenda kukusanya maua na kuyakausha. Alipokua alitaka kufuata maua yake, lakini baba yake, ambaye alikuwa ofisa wa serikali, alitaka kijana asomee udaktari. Haeckel akatii. Alisoma Berlin na Würzburg, akahitimu mwaka 1857. Lakini moyo ukipenda penginepo, mwili hautulii. Inasimuliwa kwamba alipoanza kazi ya udaktari alipanga kuwaona wagonjwa kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili alfajiri, ili wasije wengi wakamsumbua!

Kilichomteka moyo ni bahari. Mwaka 1854, akiwa bado mwanafunzi, mwalimu wake Johannes Müller alimpeleka kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini. Huko alijifunza kuvua kwa wavu wa kitambaa chembamba sana, unaokokotwa polepole nyuma ya mashua. Wavu huo haushiki samaki. Hushika viumbe wanaoelea na kuchukuliwa na maji popote yaendapo. Viumbe hao leo tunawaita planktoni, jina lililotolewa na mtaalamu mwingine Mjerumani, Victor Hensen, mwaka 1887.

Mwaka 1859 Haeckel alikwenda Italia. Alipofika visiwa vya Ischia na Capri akavutiwa mno na uzuri wa nchi, akashika brashi na rangi, na ilibaki kidogo aache sayansi kabisa awe mchoraji wa mandhari. Alikuwa na miaka 25, hana kazi ya kudumu, na nyumbani walikuwa wakimngojea. Mwishowe akaenda mji wa Messina kule Sicily, akakaa majira ya baridi ya 1859 hadi 1860 akivua kwa wavu wake. Ndipo alipokutana na radiolaria.

Msomaji, radiolaria ni nini? Ni kiumbe mwenye seli moja tu anayeelea baharini. Wengi wao wana upana wa sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita. Ila ndani yake ana mifupa, tuseme hivyo, iliyo kama kioo, na kila aina ina umbo lake. Mmoja ni kama taji, mwingine kama kofia iliyodariziwa, mwingine kama nyota yenye miiba. Wengine ni tufe lenye matundu, na ndani ya tufe hilo mna tufe jingine, na ndani yake jingine tena. Mimi nilipowaona nilikumbuka viondo ambavyo kina nyanya zetu husuka wakiwa wamekaa nje jioni, nikafikiria kiondo ndani ya kiondo ndani ya kiondo, vyote vitatu vikiwa vidogo kuliko punje ya chumvi. Na hakuna mkono uliovisuka.

Katika miezi ile michache Haeckel aligundua aina 144 ambazo hazikuwa zimejulikana na wataalamu. Wanasema aliweza kuangalia ndani ya hadubini kwa jicho la kushoto, huku jicho la kulia likiwa kwenye karatasi, mkono unachora. Mimi nimejaribu, nikapata maumivu ya kichwa. Kitabu chake juu ya radiolaria kilitoka mwaka 1862, kikiwa na kurasa 35 za picha. Kwa kitabu hicho akajulikana. Yaani ile vita ya moyoni kati ya picha na sayansi aliimaliza kwa kutoacha hata moja.

Mwaka huo huo wa 1862 alikuwa profesa katika chuo kikuu cha Jena, na ndipo alipomwoa binamu yake, Anna Sethe. Furaha haikudumu. Tarehe 16 Februari 1864, siku aliyotimiza miaka 30, Anna akafariki. Haeckel alikaribia kurukwa na akili. Baadaye alikwenda pwani, na siku moja akaona kiwavi cha baharini, yule mnyama laini kama ute ambaye huwasha, mwenye nyuzi ndefu za kupendeza zilizomkumbusha nywele za marehemu mkewe. Akampa mnyama yule jina la Anna. Aliowa tena mwaka 1867, akapata watoto watatu, lakini jina la Anna limebaki katika vitabu vya sayansi hadi leo.

Kazi zake zilikuwa nyingi, nitazipitia mbio. Mwaka 1866 ndiye aliyebuni neno ekolojia, ambalo sisi tunalisoma darasani bila kujua limetoka kwa nani. Mwaka huo pia alimtembelea Charles Darwin kule Uingereza, naye akawa mhubiri mkubwa wa mafundisho yake katika Ujerumani. Mwaka 1873 alifika Bahari ya Shamu kuchunguza matumbawe. Wakati huo meli ya Waingereza iitwayo Challenger ilikuwa ikizunguka bahari za dunia, kuanzia 1872 hadi 1876, ikizoa matope ya vilindini. Radiolaria wakifa, mifupa yao huzama polepole na kurundikana chini. Matope hayo alipelekewa Haeckel, akakaa nayo miaka kama kumi. Mwaka 1887 akatoa ripoti yenye kurasa 140 za picha, akieleza aina zaidi ya 4,000, na zaidi ya 3,500 kati yake zilikuwa mpya. Huo si mchezo!

Kati ya mwaka 1899 na 1904 ndipo alipotoa kitabu kilichompa sifa kwa watu wasio wanasayansi, yaani picha 100 za maumbo ya sanaa yaliyomo katika viumbe. Fundi Adolf Giltsch ndiye aliyezigeuza picha zile zikaweza kupigwa chapa. Wasanii wakazigombania. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, mjenzi René Binet alibuni lango kuu kwa kufuata umbo la radiolaria. Fikiria umati wa watu ukipita chini ya kiumbe kisichoonekana kwa macho! Haeckel alifariki mjini Jena tarehe 9 Agosti 1919, akiwa na miaka 85.

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu. Lakini kuna mambo mawili yaliyonifanya nitake kuitupa kalamu.

La kwanza ni dogo kidogo. Katika kitabu chake cha mwaka 1868 alitaka kuonyesha kwamba wanyama wakiwa bado ni viinitete hufanana. Akaweka picha za kiinitete cha mbwa, cha kuku na cha kobe. Wenzake wakagundua kwamba ilikuwa picha moja iliyopigwa chapa mara tatu! Mtu aliyechora maelfu ya viumbe kwa uangalifu, mara hii akachora lile alilotaka liwe.

La pili liliniuma. Katika kitabu hicho hicho aliwagawa binadamu katika makundi, akayapanga kama ngazi. Wazungu akawaweka juu. Sisi Waafrika akatuweka ngazi za chini, karibu na nyani. Safari zake hazikumleta huku kwetu hata siku moja, hakupata kuonja githeri wala kusikia mzee akitoa hukumu ya shamba, lakini alijiona anatujua. Na baada yake wapo waliochukua mawazo ya namna hiyo wakayafanya silaha ya kuwatesa na kuwaua watu.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Nilijiona mjinga kumpenda mtu ambaye angenitazama na kuniona nusu mtu. Nilipeleka jambo hili katika mkutano wa chama siku ya Ijumaa. Wengine walisema tumfute, tuandike juu ya mwingine. Wengine walisema tuandike mazuri yake tu, maana marehemu hasemwi vibaya. Tulibishana hadi jua likataka kutua, na sisi wa kutwa tuna safari. Mlezi wa chama akatuamua: anayeandika maisha ya mtu aandike maisha yote, la sivyo anarudia kosa la zile picha tatu. Hapo nikanyamaza, nikaokota kalamu.

Halafu nikapata jambo lililonifariji. Haeckel aliamini kwamba binadamu wa kwanza alitokea upande wa Asia, labda katika bara lililozama ndani ya Bahari ya Hindi. Bara hilo halikuwako. Mwaka 1984, mahali paitwapo Nariokotome karibu na Ziwa Turkana, Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu, ambaye hakusoma hata sekondari, aliona kipande kidogo cha mfupa kilichofanana rangi na mawe yaliyokizunguka. Wengine wangekipita. Kipande hicho kilifuatwa na mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ugunduzi kama huo ndio uliozidi kuthibitisha kwamba chimbuko la binadamu wote ni Afrika. Kwa hiyo jicho la Mwafrika, kwa kutazama kitu kidogo kwa subira, lilisaidia kuibomoa ngazi ya profesa.

Wahenga walisema usidharau kidogo. Haeckel aliheshimu kiumbe cha sehemu ya kumi ya milimita, akashindwa kumheshimu binadamu mzima. Mimi nimechukua kwake subira na mkono wake, dharau yake nimemwachia.

Na usidhani bahari iko mbali nasi. Maji ya Rupingazi, Thuci na mito mingine ya mlima wetu huingia Tana, na Tana huingia Bahari ya Hindi. Huchukua madini ya miamba ya Mlima Kenya, na diatomu wa baharini hujijengea maganda kwa madini kama hayo. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya kazi ya kutengeneza oksijeni duniani hufanywa na planktoni. Ukipita Gilgil, kule Kariandusi, utaona jiwe jeupe laini linalochimbwa. Hayo ni maganda ya diatomu wa ziwa la kale, ndugu za wale wa chupa yangu ya soda.

Wiki iliyopita nilimwonyesha baba mchoro mwingine, nikamweleza yote hayo. Hakusema kitu. Aliutazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama ni kweli vitu hivyo vimo ndani ya maji tunayochota kila siku. Nikamwambia vimo. Jumamosi tunakwenda mtoni pamoja.