Maisha ya Theodore wa Studion

Habari za mashahidi waliouawa na wapagani zajulikana na wengi. Leo twaeleza habari za mtu aliyeteswa na wafalme waliobatizwa.

Theodore alizaliwa mwaka 759 mjini Constantinople, ambako watu walinena Kiyunani. Akiwa kijana aliacha mambo ya dunia, akawa mtawa katika nchi ya Bithinia pamoja na Plato, mjomba wake. Mwaka 794 akawekwa kuwa mkuu wa watawa wale.

Mwaka 795 Kaisari Constantine wa Sita alimwacha mkewe Maria, akamtia katika nyumba ya watawa, akamwoa Theodote. Padre mmoja akawabariki. Askofu mkuu wa mji hakuwafungisha ndoa mwenyewe, wala hakuwatenga. Tena Theodote alikuwa jamaa yake Theodore. Kama angalinyamaza, ukoo wake ungalipata heshima. Lakini yeye na mjomba wake walikataa kushirikiana na waliokubali neno lile. Basi Plato akafungwa, na Theodore akapigwa mijeledi, akahamishwa mpaka Thesalonike mwaka 797.

Mwaka uo huo Kaisari aliondolewa na Irene, mama yake mzazi, akapofushwa macho. Theodore akarudishwa, kisha akapewa nyumba ya Studion mjini Constantinople. Watawa wakaongezeka sana, na kila mmoja alikuwa na kazi yake: wengine walilima, wengine walishona viatu, wengine walinakili vitabu. Mwandishi mzembe alipewa adhabu.

Mwaka 809 alihamishwa tena, kwa sababu alikataa kumpokea padre yule aliyebariki ndoa ya Kaisari. Akarudi mwaka 811. Mara ya tatu, mwaka 815, alifukuzwa na Leo wa Tano kwa kutetea picha takatifu. Katika jambo la picha sisi hatufundishi kama yeye. Lakini twakubali alivyoshika kwamba mambo ya imani si ya Kaisari kuyaamua. Alifunguliwa mwaka 821, akafa tarehe 11 Novemba 826.

Ndugu wapendwa, shauri la ndoa likiletwa mbele ya wazee, na mwenye kosa akiwa tajiri au jamaa yetu, ndipo tunapojaribiwa. Mnyonge hutengwa upesi. Mkubwa hutafutiwa maneno. Theodore hakuwa na sheria mbili, ingawa aliyehusika alikuwa wa damu yake.