Jim Corbett: Mwindaji aliyelinda ngazi ya Treetops

Usiku wa Februari 5, 1952, mzee wa miaka 76 alikesha kwenye ngazi ya Treetops, kihoteli kilichojengwa juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, Kenya. Bunduki mkononi, macho gizani, chui asije akapanda. Ndani walikuwemo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza na mumewe. Usiku huohuo baba yake akafariki, naye akawa malkia bila kujua.

Mlinzi huyo alikuwa Jim Corbett, mzaliwa wa Nainital, India. Mwaka 1907 alimuua chuimilia jike wa Champawat, aliyesemekana kula watu 436. Hebu fikiria, 436!

Baadaye uwindaji wa kujifurahisha aliuacha, akashika kamera. Hifadhi ya kwanza ya taifa India, ya mwaka 1936, alisaidia kuianzisha, na leo ina jina lake. Kuvua nako alikupenda mno: samaki aina ya mahseer aliwaandikia sura nzima kitabuni.

Mwaka 1947 alihamia Nyeri na dada yake Maggie, wakakaa Paxtu, kijumba cha hoteli ya Outspan. Hapo mgeni aliweza kushinda mtoni Chania akivua trauti, jioni akapelekwa Treetops kuwatazama tembo na vifaru wakilamba chumvi.

Mau Mau waliichoma Treetops 1954. Corbett akafariki Aprili 19, 1955, kabla haijajengwa upya. Kitabu chake kuhusu usiku ule kilitoka yeye akiwa ameshazikwa Nyeri.