Bibi wa Kwenye Reale

Siku ya soko hapa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, akina mama wa Kimasai na Kikipsigis hupita wamejipamba kwa shanga. Nami, mtu wa Lamu niliyeletwa huku na biashara, nikiwatazama hukumbuka kidani cha fedha cha marehemu nyanya yangu, nilichokitia sandukuni. Katikati yake inaning'inia reale yenye sura ya mwanamke aliyejitanda ushungi, na tarehe 1780. Majuzi dada yangu ameleta habari kwamba karo ya binti yake imekwama, na kwamba sarafu ya miaka zaidi ya mia mbili haikosi mnunuzi wa bei kubwa. Kabla ya kumjibu nilitaka kumjua bibi huyo.

Jina lake Maria Theresa, aliyezaliwa Vienna mwaka 1717, binti wa Kaisari Charles wa Sita. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Alipofariki mwaka 1740, binti wa miaka 23 alirithi nchi nyingi, hazina tupu na maadui mlangoni. Mwaka huo huo Frederick wa Prussia akamvamia, na sehemu kubwa ya jimbo la Silesia ikampotea moja kwa moja. Hata hivyo, vita vilipokwisha mwaka 1748, Austria, Bohemia na Hungaria zilibaki mkononi mwake. Alizaa watoto 16. Mwaka 1774 aliamrisha watoto wasomeshwe, wa kike kwa wa kiume. Lakini hakuwa mwema kwa wote: mwaka 1744 aliamuru Wayahudi wafukuzwe Prague.

Mumewe alifariki mwaka 1765. Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Yeye alivaa nguo za msiba miaka 15, hadi alipofariki mwaka 1780. Ushungi wa kwenye reale ni wa ujane wake.

Wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi walikwisha kuizoea sura hiyo. Basi reale zikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780, na katika karne ya 20 zilipigwa hata London, Roma na Bombay. Uzito wake ni karibu gramu 28, na katika sehemu elfu, 833 ni fedha safi. Kwa kuwa hazikubadilika, sonara wa Oman na wa pwani yetu walizipenda, wakaziyeyusha kufua vikuku na vidani, au wakazining'iniza nzima.

Kumbe, ndugu msomaji, tarehe ile si umri wa sarafu! Thamani yake ni ya uzito wa fedha tu, nayo haikufikia karo ya muhula mmoja. Nilimweleza dada, nikauza mbuzi wangu, mtoto akarudi darasani. Kidani kingali sandukuni. Inshallah, atakivaa yeye siku ya arusi yake.