Dkt. Ambedkar: Kutoka Kuketi juu ya Gunia Darasani hadi Kuandaa Katiba ya India

Kila ifikapo tarehe 14 Aprili, wananchi wa India huadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Dkt. Bhimrao Ramji Ambedkar, mwanasheria na mchumi aliyeongoza kamati iliyoandaa rasimu ya Katiba ya nchi hiyo. Sanamu zake zimesimikwa mijini na vijijini, nyingi zikimwonesha akiwa amevaa suti ya buluu, mkono mmoja umeinuliwa na mwingine umeshika kitabu. Wapo viongozi wengi waliochongewa sanamu wakiwa na upanga au wamepanda farasi. Huyu alichongewa akiwa na kitabu, na historia ya maisha yake yaeleza sababu.

Alizaliwa mwaka 1891 katika kambi ya kijeshi ya Mhow, katikati ya India, akiwa mtoto wa 14 na wa mwisho wa Ramji Sakpal, askari mwenye cheo cha subedari katika jeshi la India lililokuwa chini ya Waingereza. Familia yake ilitoka katika jamii ya Wamahar, mojawapo ya jamii zilizoitwa za watu wasioguswa. Katika mfumo wa matabaka ya kuzaliwa, mtu alirithi hadhi yake kama anavyorithi jina la baba, na wa jamii hizo za chini aliaminika kunajisi maji, chakula na vyombo kwa kuvigusa tu. Elimu haikuifuta hadhi hiyo, wala mali. Jeshi, hata hivyo, lilikuwa limewafungulia Wamahar mlango mdogo: lilisomesha askari na watoto wao, na Ramji mwenyewe alipata kuwa mwalimu katika shule ya jeshi. Miaka hiyo hiyo ya mwanzoni mwa 1890, Serikali ya kikoloni iliacha kuandikisha askari wa jamii hiyo. Bhimrao alikuwa miongoni mwa watoto wa mwisho kufaidika na mlango huo.

Katika shule ya Satara alikoanzia masomo, hakuruhusiwa kuketi pamoja na wenzake. Aliketi kwenye gunia alilolibeba kutoka nyumbani asubuhi na kulirudisha jioni, kwa kuwa hata mfagizi wa shule hakukubali kuligusa. Alipopata kiu, hakuweza kufungua bomba la maji yeye mwenyewe. Ilimpasa amsubiri mhudumu wa shule amfungulie, na siku ambayo mhudumu hakuwapo, mtoto alishinda na kiu hadi jioni.

Tukio lililomkaa zaidi moyoni lilitokea mwaka 1901, alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Yeye, kaka yake na watoto wengine wa familia walisafiri kwa treni kwenda kumtembelea baba yao, aliyekuwa akifanya kazi ya utunzaji fedha mbali na nyumbani. Walivaa nguo mpya na tiketi zao zilikuwa halali, na ndani ya behewa hakuna aliyewauliza lolote. Taabu ilianza waliposhuka katika stesheni ya Masur. Barua ya kumjulisha baba haikuwa imemfikia, hivyo hakuna aliyekuja kuwapokea. Mkuu wa stesheni aliwakaribia kwa upole, lakini aliposikia kwamba ni Wamahar alirudi nyuma, na wenye mikokoteni ya ng'ombe wote wakakataa kuwabeba. Mwishowe mmoja alikubali kwa nauli maradufu, kwa sharti kwamba watoto waendeshe mkokoteni wenyewe naye atembee kando. Walisafiri usiku wakiwa na chakula ambacho hawakuweza kukila, maana njiani hapakuwa na mtu wa kuwapa maji. Reli, chombo cha kisasa kuliko vyote katika India ya wakati huo, iliwafikisha stesheni. Hatua iliyobaki ilitegemea mioyo ya watu, na huko hakuna kilichokuwa kimebadilika.

Familia ilipohamia Bombay, alijiunga na Shule ya Sekondari ya Elphinstone na kufaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu mwaka 1907, jambo la nadra kabisa kwa kijana wa jamii yake. Mwalimu mmoja, Krishnaji Arjun Keluskar, alimpenda kijana huyo kwa bidii yake na kumtafutia msaada kwa Sayajirao Gaekwad wa Tatu, mtawala wa Baroda. Inafaa kukumbuka kwamba mtawala huyo alikuwa ameifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima katika milki yake yote mwaka 1906, wakati sehemu kubwa ya India haikuwa hata na mpango wa namna hiyo. Kwa ufadhili wake, Ambedkar alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1912, na mwaka uliofuata akasafiri hadi Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huko, kwa mara ya kwanza maishani, aliketi na kula popote alipopenda. Alisoma uchumi, historia na falsafa, akapata shahada ya uzamili mwaka 1915, kisha akavuka bahari kwenda London kusomea uchumi na sheria.

Muda wa ufadhili ulipokwisha mwaka 1917, alirejea Baroda kuitumikia milki iliyomsomesha, kama mkataba ulivyomtaka. Alipewa wadhifa mkubwa, lakini hakupata chumba cha kulala. Hoteli za Wahindu hazikumpokea. Alijiandikisha kwa jina la uongo katika nyumba ya wageni ya Waparsi, na siku ya kumi na moja kundi la watu wenye fimbo likaja kumtoa. Msomi huyo wa Columbia na London aliketi kwa saa kadhaa katika bustani ya umma akisubiri treni ya usiku ya kurudi Bombay. Mwaka 1918 aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo cha Biashara na Uchumi cha Sydenham, na hata hapo baadhi ya maprofesa wenzake walipinga asichote maji katika mtungi mmoja na wao.

Alirudi London mwaka 1920 kukamilisha alichokianza, akajinyima chakula ili anunue vitabu, na mwaka 1923 akatunukiwa shahada ya juu ya udaktari wa sayansi ya uchumi kwa tasnifu kuhusu tatizo la rupia. Gharama ya safari hiyo haikulipwa na yeye peke yake. Mkewe, Ramabai, alibaki Bombay katika umaskini, na kati ya watoto watano waliowapata, wanne walifariki wakiwa wadogo.

Mwaka 1924 alianzisha jumuiya ya ustawi wa jamii zilizotengwa, ambayo miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kufungua mabweni ya wanafunzi na maktaba. Tarehe 20 Machi, 1927, aliongoza maelfu ya watu katika mji wa Mahad hadi kwenye bwawa la Chavdar, chanzo cha maji cha umma ambacho sheria tayari iliruhusu wote kukitumia, lakini kwa vitendo kilikuwa haramu kwao. Aliinama, akachota maji kwa viganja, akanywa. Waandamanaji walishambuliwa, na wakazi wa matabaka ya juu wakafanya tambiko la kulitakasa bwawa. Kesi iliyofuata ilichukua miaka kumi, hadi Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamua mwaka 1937 kwamba jamii hizo zilikuwa na haki ya kutumia maji hayo.

Mwaka huo huo wa 1927, akiwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Bombay, alihoji bajeti ya elimu. Alionesha kwamba Serikali ilikusanya kwa kila mwananchi fedha nyingi kutoka katika ushuru wa vileo kuliko ilizotumia kumsomesha, akataka angalau kiasi kinachokusanywa kutoka ulevini kirudi shuleni. Alisisitiza pia kwamba ada za elimu ya juu zisiwe kizuizi kwa watoto wa matabaka ya chini.

Tofauti yake na Mahatma Gandhi inajulikana zaidi kwa mgogoro wa mwaka 1932, pale Ambedkar alipopata kutoka kwa Waingereza utaratibu wa jamii zilizotengwa kuchagua wawakilishi wao peke yao, na Gandhi akafunga kula akiwa gerezani kuupinga. Makubaliano ya Poona yaliokoa maisha ya Gandhi na kuongeza viti vilivyotengwa katika mabaraza ya majimbo kutoka 71 hadi 148, lakini Ambedkar aliamini hadi mwisho kwamba alilazimishwa. Tofauti nyingine, isiyozungumzwa sana, ilihusu mashine. Gandhi aliona wokovu wa India katika kijiji na gurudumu la kusokotea pamba. Ambedkar aliona kijiji kuwa ngome ya ubaguzi, na kazi ya mikono isiyokwisha kuwa kifungo. Hoja yake ilikuwa kwamba asiye na muda wa kupumzika hawezi kusoma wala kufikiri, na ni mashine pekee iwezayo kumpa maskini muda huo. Ubaya wa viwanda, kwa maoni yake, ulitokana na umiliki na mgawanyo wa faida. Mashine yenyewe haikuwa na kosa.

Alipata nafasi ya kuutekeleza mtazamo huo kati ya mwaka 1942 na 1946, alipokuwa mjumbe wa Baraza la Utendaji la Gavana Mkuu akisimamia masuala ya kazi. Dhamana hiyo ilijumuisha umwagiliaji na umeme. Mafuriko ya Mto Damodar ya mwaka 1943 yalipoleta maafa, aliongoza vikao vya kupanga mabwawa yenye kazi nyingi kwa pamoja: kuzuia mafuriko, kumwagilia mashamba, kuzalisha umeme. Wataalamu wengi waliyachukulia maji mengi kuwa adui wa kufukuzwa hadi baharini. Yeye aliyaita mali ya umma inayopaswa kuhifadhiwa. Shirika la Bonde la Damodar liliundwa mwaka 1948, kwa kufuata mfano wa Bonde la Tennessee nchini Marekani. Aidha, katika kipindi chake iliandaliwa sheria ya mwaka 1946 iliyopunguza saa za kazi viwandani hadi 48 kwa wiki. Katika waraka wake kwa Gavana Mkuu wa mwaka 1942 aliomba ufadhili kwa vijana wa jamii zilizotengwa, na alikuwa mahususi: wasomee sayansi na teknolojia ya kiwango cha juu, kwa kuwa shahada za sanaa na sheria pekee zisingewatoa walipo.

Baada ya uhuru aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria wa kwanza na, tarehe 29 Agosti, 1947, Mwenyekiti wa Kamati ya Rasimu ya Katiba. Ibara ya 17 ilifuta desturi ya kutoguswa. Ibara ya 15 ilipiga marufuku kumzuia raia, kwa sababu ya tabaka lake, kutumia maduka, barabara, visima na mabwawa ya umma. Aliyekunywa maji ya Chavdar sasa aliweka haki hiyo katika sheria mama. Ibara ya 45 iliielekeza Serikali kutoa elimu ya bure na ya lazima kwa watoto hadi umri wa miaka 14 ndani ya miaka kumi. Hata hivyo, katika hotuba yake ya Novemba 1949 aliwaonya wajumbe kwamba raia watakuwa na kura sawa huku maisha yao yakibaki bila usawa, na kwamba hali hiyo ikidumu itahatarisha demokrasia yenyewe. Mwaka 1951 alijiuzulu uwaziri, hasa kwa sababu muswada wake wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki katika ndoa na mirathi ulikwamishwa.

Miaka yake ya mwisho aliigawa kati ya vyuo alivyovianzisha Bombay na Aurangabad na utafiti wa dini ya Kibudha. Tarehe 14 Oktoba, 1956, aliingia katika dini hiyo mjini Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Wiki saba baadaye, tarehe 6 Desemba, alikutwa amefariki kitandani jijini Delhi, baada ya usiku wa kupitia dibaji ya kitabu chake kuhusu Budha.

Agizo la miaka kumi la Ibara ya 45 lilichukua muda mrefu zaidi: sheria ya haki ya elimu kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipitishwa mwaka 2009. Taasisi za Teknolojia za India, ambazo mojawapo ilifungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, zilianza kutenga nafasi kwa wanafunzi wa jamii hizo katika miaka ya 1970. Nchi hiyo imetua chombo mwezini na jina la Bhim limepewa programu ya malipo ya simu iliyozinduliwa mwaka 2016, lakini usafishaji wa mifereji ya majitaka kwa mikono, uliopigwa marufuku kwa sheria za mwaka 1993 na 2013, bado hugharimu maisha ya watu, walio wengi wa jamii alizotoka.

Kila tarehe 6 Desemba umati mkubwa hufika ufukweni Dadar, Mumbai, mahali mwili wake ulipochomwa. Wengi hutoka vijijini kwa treni. Kando ya njia hupangwa meza za vitabu, na wafikao hurudi makwao wakiwa wamenunua.