Muhammad Ali na mkono uliotetemeka

Kiwanja cha ndege cha Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, kilipewa jina la Muhammad Ali mwaka 2019. Wakongo na Wasomali wengi waliopelekwa mji huo kama wakimbizi walikuwa wamelijua jina hilo tangu utotoni, kabla hawajasikia kwamba kuna mji uitwao Louisville.

Bingwa huyo wa ngumi alizaliwa humo tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Marcellus Clay. Baba yake alikuwa mchoraji wa mabango, na mama yake akifanya kazi katika nyumba za wazungu.

Ulikuwa mji wenye mipaka ya rangi. Mwezi Juni 1954, katika kitongoji cha Shively, nyumba ya familia ya Andrew Wade, Mmarekani mweusi, ililipuliwa kwa baruti. Nyumba hiyo ilikuwa imenunuliwa kwa niaba yake na mzungu, Carl Braden, pamoja na mkewe Anne. Mwishoni mwa mwaka huo Braden ndiye aliyehukumiwa kifungo, kwa kosa la uchochezi.

Mwaka huo huo Cassius, akiwa na umri wa miaka 12, aliibiwa baiskeli yake. Polisi aliyepokea malalamiko yake, Joe Martin, alikuwa pia mwalimu wa ngumi, akamshauri ajifunze kupigana kwanza kabla ya kumsaka mwizi. Miaka sita baadaye kijana huyo alitwaa medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Rome.

Taji na jina jipya

Mwezi Februari 1964 alimshinda Sonny Liston na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Siku chache baadaye alitangaza kwamba amesilimu, akachukua jina la Muhammad Ali.

Mwaka 1967 alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alinyang'anywa taji, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, na ingawa hakuingia gerezani wakati rufaa yake ikisikilizwa, alikaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo mwaka 1971.

Aliporejea, wepesi wa miguu ulikuwa umepungua, na mapambano yakawa ya kuvumilia zaidi kuliko ya kukwepa. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, aliegemea kamba na kumwacha George Foreman ampige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Afrika nzima ilishangilia. Mwaka uliofuata, mjini Manila, alipambana na Joe Frazier raundi 14 za kutisha.

Aliyeanza kuogopa ni daktari wake, Ferdie Pacheco. Baada ya pambano na Earnie Shavers mwaka 1977, Pacheco alipokea vipimo vilivyoonyesha kwamba figo za Ali zimeathirika. Aliwapelekea wahusika ripoti hiyo, hakujibiwa, akajiuzulu.

Mjumbe wa Carter

Mwezi Februari 1980, Rais Jimmy Carter alimtuma Ali barani Afrika kuzishawishi serikali zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Julius Nyerere hakumpokea. Kwa Watanzania, suala zito kama hilo halikuwa la kukabidhiwa mwanamichezo, na waandishi wa habari walimkumbusha kwamba Marekani haikuwaunga mkono Waafrika waliposusia michezo ya Montreal mwaka 1976.

Kenya ilisusia michezo ya Moscow. Tanzania ilikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Mwaka huo huo, kabla ya kuruhusiwa kupigana na Larry Holmes, Ali alipimwa katika hospitali ya Mayo huko Minnesota. Madaktari walibaini kwamba ulimi ulikuwa mzito kidogo na kwamba hakuweza kuruka vizuri kwa mguu mmoja. Hata hivyo alipewa leseni. Mwezi Oktoba alipigwa raundi kumi mfululizo, mpaka watu wa kona yake wakasimamisha pambano. Alipigana mara ya mwisho mwezi Desemba 1981, akashindwa na Trevor Berbick.

Madaktari wagawanyika

Mwaka 1984 alilazwa mjini New York chini ya Dakta Stanley Fahn, bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu. Ilitangazwa kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson, ambao huua polepole chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini. Mwili hukakamaa, mikono hutetemeka, na uso hupoteza mchezo wake.

Swali likazuka: je, ngumi ndizo zilizomfikisha hapo? Tangu mwaka 1928, Dakta Harrison Martland wa Marekani alikuwa ameeleza jinsi mabondia wakongwe wanavyoyumba na kupotewa na fahamu kama walevi. Mwaka 1983, Chama cha Madaktari Duniani kilitaka mchezo huo upigwe marufuku. Wengi waliona Ali ni ushahidi unaotembea.

Wengine hawakukubali. Mwaka 2022, madaktari Michael Okun, Helen Mayberg na Mahlon DeLong, katika jarida la mishipa ya fahamu la chama cha madaktari wa Marekani, walihoji kwamba Ali aliugua Parkinson ya kawaida iliyomwanzia mapema. Hoja zao ni kwamba kutetemeka kulielemea upande mmoja, dawa ya levodopa ilimsaidia, na ugonjwa ulisonga taratibu kwa miongo mitatu. Uharibifu unaotokana na vipigo, kwa kawaida, hauitikii dawa hiyo vizuri.

Lakini mjadala haujafungwa. Watafiti wa Arizona, waliochunguza kanda zake za mahojiano, walikuta kwamba kasi ya usemi wake ilishuka kwa asilimia 26 kati ya mwaka 1968 na 1981, yaani kabla ya ugonjwa kutajwa. Aidha, kuugua Parkinson ya kawaida hakuthibitishi kwamba vipigo havikuchangia. Linaloonekana wazi ni kwamba dalili zilikuwapo, zikaandikwa, na pambano likaruhusiwa.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Ali hakujificha. Mwaka 1996, mbele ya dunia nzima, aliuwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta huku mkono ukitetemeka. Alifariki dunia tarehe 3 Juni 2016 akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa Louisville.

Kwetu, wengi wanaotetemeka hufichwa ndani, wakidhaniwa wamerogwa au wamezeeka tu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson miongoni mwa watu zaidi ya 160,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini, wala kupewa dawa.

Levodopa si dawa mpya, imetumika tangu miaka ya 1960. Imo hata katika mbegu za upupu, mmea unaowasha watoto wetu vichakani, na watafiti wamezijaribu mbegu hizo kwa wagonjwa wasiomudu vidonge. Hata hivyo, kipimo chake kinahitaji uangalizi wa daktari.

Ali alipata mabingwa wa tiba waliobishana juu ya chanzo cha maradhi yake. Mzee wa Hai alikuwa bado anasubiri mtu wa kumtajia jina la ugonjwa wake.